Mwalimu Mwenye Kigugumizi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shuleni kabla ya bawabu, nimevaa tai ya kuazima. Ilikuwa shule ile ile niliyosomea utotoni, karibu na Barabara ya Jogoo, Nairobi. Mwalimu mkuu, mzee asiyejua kutabasamu kabla ya chai ya saa nne, alinitazama akauliza, "Wewe ndiye uliyeletwa darasa la kwanza?"

Nilitaka kusema "ndiyo", lakini neno likanasa kooni. Nina kigugumizi tangu nizaliwe, na siku za wasiwasi hunishika barabara.

"Na hawa watoto utawafunza kusoma namna gani?" akasema. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza lile ambalo kila mtu aliliwaza. Mwalimu mpya aliwekwa kwanza katika majaribio, kisha mkaguzi wa shule angekuja kuketi nyuma ya darasa na kuamua kama athibitishwe kazini au arudi kwao. Mimi nilikuwa na muhula mmoja tu.

Bahati yangu ilikuwa darasa la jirani. Humo alikuwa bado akifundisha Mwalimu Rahabu, aliyenifunza mimi mwenyewe a, e, i, o, u. Sisi watoto wa mtaa tulikuwa na midomo: mtu akikwama kusoma, darasa zima lilimmalizia neno na kumcheka. Mama huyo alipiga jambo hilo marufuku. "Neno la mwenzako ni lake," alituambia. "Mngojeni alilete." Nami nikikwama, alikunja mikono akanitazama kama mtu anayengojea chapati anayojua itaiva. Hakunimalizia hata siku moja. Nilimpenda kuliko nilivyothubutu kusema nyumbani.

Nilipompelekea hofu zangu, alicheka. "Unataka dawa? Sina. Wafunze kungoja kabla hujawafunza kusoma."

Basi kila asubuhi mtoto mmoja alisimama kusimulia habari za kwao, na wenzake wakafunga midomo hadi aketi. Mwanzoni ilikuwa vita. Tena kipindi hicho hakikuwamo katika azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula mzima, na mwalimu mkuu alipokigundua alinung'unika, "Unapoteza wakati wa serikali." Nikaendelea, roho mkononi.

Mkaguzi akaja, akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti karibu na kidevu. Niliandika "barabara" ubaoni, nikageuka kulisoma. "Ba... ba..." Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Darasa lilikuwa kimya kabisa. Kisha Katunge, binti wa dereva mmoja wa mtaani, akasema taratibu, "Tulia tu, ticha. Chukua taim. Hatuendi mahali."

Hakuna aliyecheka. Neno likaja, zima, nao wakalirudia kwa sauti hadi madirisha yakatetemeka.

Mlangoni mkaguzi alimwambia mwalimu mkuu, "Nimeona madarasa mengi yanayopiga kelele. Hili linasikiliza. Huyu athibitishwe." Mwalimu mkuu akatabasamu, na chai ilikuwa haijaiva.

Baadaye nilihamishiwa Majengo, kisha Dandora, ambako nilistaafu nikiwa mwalimu mkuu. Vijana mnaoingia kazi hii sasa mna vishikwambi na mitaala mipya, na siwaonei gere. Ninachowaomba ni kimoja: mtoto akikwama, msimmalizie. Ulimi wangu haujapona, lakini umenilisha na kunisomeshea watoto, na shukrani zangu kwa mama yule wa darasa la jirani hazina kipimo.

Mwaka huu tulimzika Mwalimu Rahabu. Wanawe waliniomba niseme machache, nikakabidhiwa kipaza sauti mbele ya umati uliofurika hadi barabarani. Neno la kwanza likagoma. Nikainua macho, nikaona wazee wa mtaa wa Buruburu, mama mboga, makanga wa matatu, mawakili, karibu wote wamepitia mikononi mwake. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyenisaidia. Walikunja mikono, wakaningoja.