Soli Iliyonishitaki Iringa

Shule niliiacha mapema, lakini karakana ya mbao pale Igowole ni yangu, kwa jasho langu. Sikutaka kuonekana dhaifu, ndiyo maana nilimficha binti yangu Anitha kwamba ugonjwa wa sukari umenitia ganzi miguuni.

Anitha anasoma chuo Iringa. Ametengeneza soli laini kama ngozi, inayohisi mgandamizo. Anasema ameiga wayo wa tembo, unaosikia hata ardhi ikitikisika kidogo. Alinipa niijaribu; siku ya maonyesho ya chuo niliivaa ndani ya buti, nikapita kwanza karakanani, ndipo nikapanda basi la Iringa.

Mbele ya wageni akawasha kompyuta. Picha ya wayo wangu ikatokea, kisiginoni pakawaka nyekundu.

“Baba, kuna kitu kinakuchoma?”

“Kinichome nini? Mashine yako mbovu, mama. Miguu hii imebeba magogo!”

Watu wakacheka. Kichwa kikanivimba, nikakanyaga sakafu kwa nguvu, tena na tena, niitie adabu mashine. Nyekundu ikazidi.

Anitha akapiga magoti, akanivua buti. Soksi imelowa damu, msumari wa karakanani umezama kisiginoni.

“Baba,” akauliza taratibu, “tangu lini husikii?”

Hakuna aliyecheka tena. Nami nilikuwa nautazama ule mguu kama wa mtu mwingine.