Koti la Baba Mkubwa

Rafiki yangu, umewahi kufungua kijitabu cha mazishi ukajikuta kati ya waliotangulia? Mimi nimejikuta. Ni Ijumaa iliyopita, kwetu Kianjai, tulipokuwa tunamzika nyanya. Nimekaa chini ya hema, kiti cha plastiki kinazama kwenye tope, nafungua ukurasa wa katikati na huyo hapo: kijana ndani ya koti kubwa, nyasi zimemfika kiunoni, amekunja uso kwa jua. Chini yake wameandika kwamba ni marehemu, kifungua mimba wa nyanya. Kumbe ni mimi.

Kilichonirudia kwanza ni harufu. Lile koti lilinuka moshi, maana nyanya alilitundika juu ya meko miaka yote. Lilikuwa la ndugu mkubwa wa baba, yule niliyepewa jina lake kama ilivyo desturi yetu. Siku moja aliteremsha ng'ombe nyikani, upande wa Isiolo, akaliacha koti nyumbani kwa sababu joto la huko chini halitaki nguo nzito. Wezi wa mifugo wakamkuta. Waliokwenda kumtafuta walirudi na fimbo yake na kiatu kimoja, fisi walikuwa wamewatangulia. Kaburi hana. Picha pia hakuwa nayo hata moja, na nyanya alilia kwamba sura ya mwanawe imeanza kumpotea.

Sisi watoto hatukuambiwa hayo siku ya safari. Tuliambiwa tu tunaenda kutembea, tuone wanyama, tupigwe picha. Enyewe, hata kulala hatukulala vizuri! Baba aliazima kamera kwa mwalimu, jirani akatupa pikapu, mama akaponda mukimo wa viazi na mahindi na kuufunga kwenye majani ya ndizi, bado wa moto. Tulipanda nyuma na nyanya, tumevaa masweta yetu, na kadiri tulivyoteremka tuliyavua, kwa sababu baridi yetu ya mlimani ilibaki juu na migomba. Chini kukawa nyasi tupu, za rangi ya simba, mpaka macho yanachoka. Tuliona punda milia. Tuliona twiga akitutazama kana kwamba sisi ndio wa kuonwa. Baba alipiga picha kwa ubahili, akitukaripia tusitingishike, na mama alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo tena.

Halafu nyanya akagonga paa la pikapu ili isimame. Tulikuwa kando ya korongo kavu, pale ilipookotwa ile fimbo. Akafungua kiondo chake, akatoa koti, akanivisha mwenyewe, kifungo kwa kifungo, akaniambia nisimame ndani ya nyasi, mbali kidogo, uso wangu uelekee kwake.

Mama aliweka mukimo chini, akanishika mkono.

"Mama, huyu ni mtoto wangu na yuko hai," alimwambia nyanya. "Usimsimamishe mahali pa mfu."

Nyanya hakupandisha sauti. "Wewe unaye. Mimi nipe hata karatasi."

Baba akainua kamera. Mama akaniachilia, akaenda kukaa ndani ya gari, akatupa kisogo. Nami nikasimama pale, mikono imemezwa na ile mikono mirefu ya koti la mtu mwingine, naogopa kugeuka nyuma. Mukimo ulirudi nyumbani haujaguswa.

Nyanya aliitia picha ile kwenye fremu. Kila asubuhi aliipangusa kwa kanga, akaisalimu. Mimi nikakua, nikaenda kufanya kazi Embu, na kila niliporudi aliniangalia kama mgeni zaidi. Mwisho wake, rafiki yangu, nilisimama chini ya sura yangu mwenyewe nikiulizwa mimi ni wa nani. Iliniuma sana.

Binamu yangu aliyetengeneza kijitabu hakuwa na kosa. Alikuta picha ukutani, akajua ni mwana wa nyanya kama wote walivyojua. Baba alishafariki, na wadogo zangu siku ile walikuwa wadogo mno kukumbuka. Tuliobaki na ukweli ni mama na mimi. Pale chini ya hema nilimwona mama akitoa biro kwenye mkoba, akaupaka ule uso wino mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akaninyooshea mkono nimpe changu.

Nilimnong'oneza kwamba hiyo ndiyo sura pekee nyanya aliyokuwa nayo.

"Na mimi ninazo ngapi?" akasema.

Nikampa. Akaupaka nao, huku wengine hema zima wakiwa wamefungua vyao.

Baada ya udongo kumwagwa, binamu alikuja kutupa pole. Akamwambia mama asihuzunike sana, kwani ile picha yenye fremu alimwekea nyanya kifuani kabla jeneza halijafungwa, ili mama na mwana waende pamoja.  Mama alinishika mkono vilevile kama siku ile nyikani, na hakuniachilia mpaka jioni.

Nyika yenyewe siku hizi ina nyaya za ua, na lile korongo limechimbwa mchanga mpaka halitambuliki. Twiga sijui walienda wapi. Baba mkubwa amepata kaburi hatimaye, na sura aliyozikwa nayo ni yangu.