Jaji Evariste Guidroz na Hukumu Aliyoikana

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1927 katika kijiji cha Anse Perdue, jimboni Louisiana, mtoto wa sita wa mkulima wa mpunga, akabatizwa siku hiyohiyo kwa kuwa mkunga hakutarajia angeishi. Alitamani upadre, lakini baada ya mwaka mmoja seminarini gombera, yaani mkuu wa seminari, alimwambia kwamba anabishana mno, aende akasome sheria. Alitii. Mwaka 1968 wananchi walimchagua kuwa jaji wa mahakama ya rufani ya jimbo, na huko hakufungua jalada lolote kabla ya kumwombea mfungwa kwa jina lake kamili.

Mwaka 1974 aliandika hukumu iliyoitupa rufaa ya Lucius Batiste, fundi wa matandiko ya farasi aliyefungwa maisha kwa mauaji, kwa ushahidi wa mtu mmoja tu. Miaka saba baadaye, akisoma jalada la kesi nyingine, Guidroz alimkuta shahidi yuleyule: siku ya mauaji alikuwa mahabusu Texas. Hakuna mwingine aliyekuwa amegundua. Jaji mkuu wa mahakama yao, rafiki yake wa siku nyingi, alimsihi avute subira.

“Evariste, uchaguzi umebakiza miezi minne. Nyamaza kidogo, bwana.”

“Kwake yeye hiyo ni miezi minne mingine ndani.”

Akaapa kwa maandishi kwamba hukumu yake ilikosea, akajiondoa katika kesi, kisha akaenda gerezani kuomba radhi. Batiste akamjibu:

“Nitoe kwanza, Jaji. Radhi tutaizungumza nje.”

Guidroz alishindwa uchaguzi. Batiste aliachiwa Februari iliyofuata. Parokiani baadhi ya watu waliacha kumsalimu Guidroz, naye aliumia. Alikiri kwa mkewe, Noémie, kwamba hakujua alikipenda kiti kile kiasi hicho. Akaanza kuwaandikia wafungwa maombi ya rufaa, mezani jikoni, mpaka uzeeni. Batiste hakumsamehe upesi. Alikuja mwaka wa nne baada ya kuachiwa, Jumamosi moja, wakakaa barazani mchana kutwa, na walichozungumza hawakumsimulia mtu.

Guidroz alifariki tarehe 9 Novemba 1999. Batiste alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Akina mama wenye wana gerezani husali kaburini pake, na wawili wanashuhudia kwamba majalada yaliyopotea yalionekana baada ya novena, sala ya siku tisa. Kanisa halijatamka lolote. Nasi tumwige katika hili: alikosea kwa mkono wake, akajisahihisha kwa mkono uleule, wakati ambapo hakuna aliyemdai.