Mpaka Aliouomba Baba

Huku kwetu, upande wa Kedowa, watu wanapenda kugawanya. Tarafa iligawanywa, kata zikagawanywa, na kila kipande kipya kilichinjiwa fahali. Nasema hivi kwa uchungu na sioni sababu ya kuuficha.

Baba alikuwa mzee wa kijiji, kazi isiyo na mshahara. Ng'ombe wa mtu akila mahindi ya jirani, baba aliitwa. Ndugu wakigombania shamba, baba aliitwa, naye alitoka hata kama chai imeshamiminwa. Ofisi ya chifu ilikuwa mbali, na mvua ikinyesha njia haipitiki. Ndiyo maana katika kila baraza alisimama kudai tupewe lokesheni yetu, eneo lenye chifu wake, mpaka wakubwa wakimwona anainuka tu wanaanza kutazama saa.

Hatimaye wakakubali. Maofisa walipokuja kuuliza mpaka upite wapi, baba ndiye aliyewatembeza, akawaonyesha mto.

"Hii kila mtu anajua," aliwaambia. "Hakuna mtu atabishana na mto."

Hakuna aliyewaza zaidi. Babu alikuwa amewagawia wanawe ardhi, baba ng'ambo hii, mdogo wake ng'ambo ile, na mto ulikuwa wetu sote wa kunyweshea ng'ombe. Tulikula nyama, mama akagawa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, viongozi wakahutubu hadi koo zikakauka. Mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Kisha baba mdogo akasogeza ua wake ndani ya shamba la chai la jirani yake, mama mmoja mjane. Mama yule akamwita baba, kama ilivyokuwa desturi. Tulivuka naye asubuhi, tukamkuta chifu mpya wa ng'ambo ile na watu wamejaa. Baba akasimama, akavua kofia. Kabla hajafungua kinywa, mdogo wake akainuka.

"Chifu, huyu mzee ni mtu ya lokesheni ingine. Wacha watu ya hapa waongee."

Mdogo wake wa tumbo moja! Nilitamani ardhi immeze.

"Hiyo ni ukweli," chifu akasema. "Mzee, kaa chini tafadhali."

Baba akakaa. Nilitazama watu aliowapatanisha miaka yote ile, mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa wakitazama viatu vyao. Hadi leo nikikutana nao sokoni nawasalimia kwa shida. Kesi iliisha upesi, na mjane akapoteza mistari yake ya chai, ile iliyokuwa ikimlipia watoto shule.

Alitufuata hadi nje ya ua wa chifu. Nilidhani anakuja kumshukuru baba kwa kujaribu. Alimtazama tu, macho makavu.

"Mzee, kwani hii lokesheni ulikuwa unaombea nani?"

Baba alivaa kofia yake, akashika njia ya nyumbani. Hajaitwa tena ng'ambo ile.