Chupa Iliyowekwa na Sanda

Hapa Pemba mimi huitwa daktari wa usingizi. Aliyepasuliwa akipona, kuku wa shukurani huenda kwa mpasuaji. Mimi niliyekaa kichwani pake nikimlinda pumzi, hata sura yangu haijui. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni kwamba jina hilo huniandama mpaka kwa wagonjwa wa maumivu, watu ambao sitaki walale, nataka wakae, wale, wazungumze na wajukuu.

Bi mkubwa mmoja wa Gando alikuwa na saratani iliyokwishaingia kwenye mifupa ya mgongo. Hospitali haikuwa na la kumfanyia tena ila kumpunguzia maumivu, na hiyo ndiyo kazi yangu. Nilimpa mwanawe mkubwa chupa ya mofini ya maji, nikamweleza kipimo na nyakati zake, nikamsisitiza asikose hata mara moja. Akaitikia, "Inshaallah, dokta." Nikarudi zangu Jadida, moyo umetulia.

Wiki iliyofuata nikaenda kumtazama. Nilimsikia tangu uani. Hakikuwa kilio, ulikuwa mngurumo wa mtu aliyekwishachoka kulia. Nilimkuta kajikunja kitandani, kauma ncha ya kanga. Nikauliza dawa iko wapi. Mwanawe akasogea pembeni mwa chumba. Alifungua sanduku la mbao, na humo, juu ya sanda iliyokunjwa vizuri, baina ya marashi na karafuu maiti, ilikuwepo chupa yangu. Hata kizibo hakijaguswa.

Damu ilinipanda. Kila cha kumzikia mamake kilikuwa tayari, kimenunuliwa, kimekunjwa. Na cha kumpumzisha angali hai kimefungiwa pamoja navyo!

"Si ubaya, dokta," akasema, macho chini. "Weye ni daktari wa usingizi. Mama akilala na roho ikatoka, shahada ataitamka saa ngapi? Mie naogopa. Na maradhi hufuta dhambi. Twamwambia asubiri."

Subira! Neno hili ni jepesi sana mdomoni mwa wasioumwa. Mtu huyu huyu, jino likimsumbua, huamka alfajiri kuwahi foleni ya kung'olewa, na ole wake atakayemwambia sindano ya ganzi imekwisha. Nilimwambia hivyo hivyo, sikupunguza neno, na sauti yangu ilifika kwa jirani. Siombi radhi.

Aliyetukatiza ni bi mkubwa mwenyewe. "Mwanangu," akamwita, pumzi zikimkatika, "toka juzi naanza Alhamdu, siimalizi. Maumivu yanitoa njiani. Hiyo shahada unonitakia, n'taitamka kwa ulimi gani?"

Yule bwana, mtu mzima mwenye mvi, aliketi sakafuni palepale akalia. Nikafungua chupa mwenyewe, nikampa mamake kipimo kidogo. Hakulala. Baada ya muda uso ulimlegea, akaiachia kanga. Ilipoadhiniwa alasiri akaomba atawadhishwe. Alisali hapo hapo kitandani, na alipomaliza akamsomea Alhamdu marehemu mumewe, kwa sauti, mpaka amin. Mwanawe alikuwa kasimama mlangoni, anasikiliza. Kuanzia jioni ile akawa anampa dawa mwenyewe, kwa nyakati zake.

Alikufa siku chache baadaye, mchana kweupe, shahada ulimini. Matangani mwanawe aliwaeleza waliokuja kuhani kwamba dawa haikumziba mama ulimi, na watu wakamsifu marehemu kwa subira yake. Nilimshukuru Mungu kwa ule mwisho mwema. Lakini nilikaa upande wa wanawake nikiwaka ndani ya buibui langu. Ile wiki nzima aliyouma kanga, na dawa iko chumbani mumo humo, nani atamlipa?

Nilipoaga, mwanawe alinifuata uani. Sanda, marashi na karafuu maiti vilikuwa vimetumika vyote. Chupa akanirudishia mkononi, akanishukuru sana. Ilikuwa imepungua vidole viwili tu.