Mama Kaangukia Kando ya Barabara, Lawama Nnabeba Mie

Admini, lifiche jina langu na la mume wangu, maana Maskati hii sisi wenye asili ya Unguja tunajuana mpaka rangi za mageti.

Mie ni mwanamke wa miaka arubaini na mbili, nna watoto wawili, tunakaa Ghubra. Mume wangu nitamwita Baba Muna. Anafanya kazi serikalini, mcheshi, mtu wa watu, na kila anayemjua atakwambia nimebahatika. Naandika haya kwa hasira, basi nikikosea mnisamehe.

Kiangazi kilichopita tulikwenda Uturuki, mimi, yeye na mamaangu mzazi. Kule tukakodi karavani, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo humo humo ndani. Mama ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, lakini alifurahi kama mtoto. Kabla hatujaondoka nilimwomba Baba Muna jambo moja tu: tuwe tunalala kwenye kambi za magari hayo. Kambini pana uzio, taa, bafu za maji moto, na kubwa zaidi, pana pahala pa kumwaga tangi la choo na kujaza maji safi. Akanambia, "Inshallah. Mamaako ni mamaangu pia."

Mwanzo tulilala kambini kweli. Bibi mwenye kambi alimpenda mama, akamtilia kiti cha plastiki bafuni aoge kwa kukaa. Lakini Baba Muna ana ukurasa wake wa video za safari, na uzio wa kambi hauna anayeutazama. Akaanza maneno. "Huku ni kama kulala uani kwa watu. Unapangiwa pa kuegesha, jirani anakukaangia samaki puani. Tumekuja kuona dunia au kuona nguo za watu kwenye kamba?"

Basi tukaanza kulala njiani. Vituo vya mafuta sikuvilalamikia, sitosema uongo. Vyoo vipo, msikiti upo, chai ipo. Navyo akavichoka. Akataka milima.

Siku hiyo tangi la choo lilikuwa limejaa. Nikamwambia, "Baba Muna, tumepita kambi sasa hivi, bango nimeliona. Turudi tukamwage."

"Kesho."

"Na mama usiku atafanya nini?"

"Usiku mmoja tu! Watu wazima hamuwezi kujizuia?"

Alisema hivyo mbele ya mama. Mama akainamia tasbihi yake. Mume wangu akaegesha kwenye changarawe kando ya barabara, juu ya bonde, akaufunga mlango wa choo na ufunguo akautia mfukoni.

Alfajiri mama alibanwa. Kwa haya zake hakutaka kumwamsha mtu. Akachukua kopo la maji, akateremka peke yake kutafuta pa kujisitiri. Mie niliamshwa na sauti yake ikiniita kutoka chini. Changarawe ilimtelezesha mpaka mtaroni. Nilimkuta nguo zimerowa, anajaribu kujifunika kwa mtandio, analia. Nyonga imevunjika, lakini alichonambia ni hiki: "Usimwite mumeo. Asinione hivi."

Gari la wagonjwa lilichelewa kwa sababu hata kueleza kwa Kituruki tuko wapi tulishindwa. Mama akapasuliwa huko huko. Na mie nimekaa kwenye korido ya hospitali, ndipo nikamsikia mume wangu yuko kwenye simu na kaka yangu mkubwa: "Kateleza bafuni, kambini. Mie kambi nilizikataa tangu mwanzo, dada yako ndo kang'ang'ania."

Nilidhani masikio yangu yamekosea. Nikamuuliza. Akanijibu bila hata kuona haya, "Wewe damu yao, watakusamehe. Mie hawanisamehe."

Tumerudi, mama yuko kwangu, anatembea kwa kushikilia kigari cha chuma. Kaka anakuja kila Ijumaa kutoka Wattaya, haniangalii usoni. Mbele ya wanangu alinambia, "Ulitaka raha ya maji moto, haya, iangalie raha yako." Na Baba Muna yuko pale pale, anamimina kahawa!

Nikamwambia mama nasema kweli, liwalo na liwe. Akanishika mkono. "Mie nshavunjika, mwanangu, usiivunje na nyumba yako. Na tena, utawaeleza vipi nilivyokuwa pale? Wanangu wanaume wale." Hapo ndipo nilipokwama. Sipendi kumlinda yule mwanamume hata kidogo. Namlinda mama.

Sasa juzi Baba Muna kairusha video ya pahala pale pale. Ukungu, bonde, jua linachomoza, na sauti yake inasema hapa ndipo pazuri kuliko pote tulipolala. Watu wanamuuliza njia. Na kaka yangu mdogo naye kamuuliza, kwa sababu naye kakodi karavani huko huko Uturuki, anakwenda na mwanawe na mkewe mwenye mimba kubwa. Tulikuwa tumekaa tunakula. Mume wangu akamwonesha kwenye simu pa kuegesha, kisha akacheka: "Kambi waachieni kina dada." Wote wakacheka. Mie nikainuka na sahani yangu, nikajifungia jikoni, nikalia mpaka nikaishiwa.

Nimemfuata chumbani, nikamwambia amwambie kweli yule kijana kabla hajaondoka. Kanijibu, "Ukifungua mdomo, ujue umemvua mamaako nguo mbele ya wanawe." Yaani ile haya ya mama ndiyo kaifanya ngao yake!

Wanaondoka wiki ijayo. Wifi yangu kanipigia leo, ananiuliza kwa furaha achukue mablanketi mangapi, nami nimemjibu ya mablanketi tu. Nishaurini jamani. Nimwambie nani, na nianzie neno gani?