Kichwa cha Mama na Mikono ya Jirani

Hadi leo, nikisikia harufu ya mafuta ya nazi yakiyeyuka kando ya jiko, narudi mtaa wa Skuta, kwenye ploti yetu ya vyumba vya kukodisha. Baridi ya Julai mjini Nyeri haikuwa na utani. Ukungu ulituama uani hadi karibu saa nne, na mafuta yakaganda koponi kabisa. Kila Jumamosi mama aliliweka kopo karibu na makaa, akatandika gunia mlangoni, akamwita Mama Zuhura wa chumba cha pili. Wakasukana nywele za uzi kwa zamu. Mama alikuwa binti wa wakulima wa viazi wa Endarasha, mtu wa kanisa hasa. Mama Zuhura alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa mjini, na asili ya babu zake aliitaja kwa kubahatisha, leo hivi, kesho vile. Mimi na Zuhura, binti yake, tulikaa pembeni tukikata uzi, masikio wazi. Mama zetu walicheka hadi kitana kikaanguka. Baba naye alikuwa mjanja: kama alikuwa na jambo gumu la kumwambia mama, alilisubirisha hadi Jumamosi jioni.

Hapo kwenye gunia yalisemwa mambo ambayo hayakusemwa kwingine. Ndipo Mama Zuhura aliposema, kwa sauti ya chini, kwamba mumewe alikuwa amefutwa kazi kwenye duka la mbao, na kwamba kila asubuhi alivaa na kutoka ili majirani wasijue. Mama alisikitika sana. Kosa lake lilikuwa kulipeleka sikitiko hilo mferejini, pale ploti nzima ilipochota maji, kwa mwenzake wa kanisani, akimsihi amwombee yule baba. Mwenzake akaomba kweli, tena kwa sauti, akitaja jina, mbele ya kikundi kizima cha akina mama. Kufika jioni ploti nzima ilikuwa inamhurumia mume wa Mama Zuhura.

Mama Zuhura hakugomba. Jumamosi iliyofuata mlango wake haukufunguka, na iliyofuata hiyo pia. Mama akajifunga kitambaa kichwani, akakaa nacho wiki baada ya wiki, nywele zikijisokota chini yake. Nyumba yetu ilipoa. Chakula kilipikwa, nguo zilifuliwa, sala ya jioni ilisaliwa, lakini mama aliongea kama mtu anayehesabiwa maneno. Niliogopa. Nilidhani amekuwa hivyo moja kwa moja, kwamba yule mama wa kucheka hatarudi tena. Baba, maskini, akamtafutia pesa ya saluni mjini. Mama alirudi amependeza kuliko nilivyowahi kumwona, akaketi kitandani na koti lake, akalia. “Sasa unalia nini na umekuwa smati hivi?” baba akauliza. Mama akajibu, “Ule msichana hata hakuniuliza niko na watoto wangapi.”

Ule mtindo wa saluni ulipochakaa, mama akajaribu kujisuka mwenyewe. Mbele palikuwa pazuri. Nyuma, ambako macho hayafiki, palikuwa balaa tupu. Akajitazama kwenye kioo cha baba, kisha akachukua kitana na uzi, akatoka bila kitambaa. Ilikuwa asubuhi na wanawake wote walikuwa mferejini. Akapita katikati yao na kile kichwa, hadi mlango wa pili, akabisha.

Mama Zuhura alifungua, akamtazama kwa muda mrefu.

“Yarabi! Nani amekufanyia hii maneno?”

“Ni mimi.”

“Ndio maana.”

“Mama Zuhura, nilikukosea. Ati nilifikiria nakusaidia.”

“Najua. Bado niko na hasira. Kaa chini, uinamishe kichwa.”

Mama akaketi pale mlangoni, mbele ya watu wote, mabega yakitetemeka. Sikujua kama analia au anacheka, na nafikiri hata yeye hakujua.

Kwa miaka kadhaa sasa naishi kwenye ghorofa nzuri hapa hapa mjini, maji ya moto bombani na mlinzi getini. Nina simu iliyojaa majina. Julai iliyopita niliugua mafua makali, nikakaa ndani siku kadhaa bila kusikia sauti ya binadamu isipokuwa ya redio, na furaha ikanitoka hivi hivi, bila sababu ya kuitaja. Nikampigia mama, ambaye siku hizi yuko Endarasha. Nikamlalamikia baridi, kifua, kazi. Akanisikiliza hadi mwisho.

“Na huyo jirani wako wa mlango ingine, anaitwa nani?”

Nikamwambia kweli, kwamba sijui.

“Miaka hiyo yote?”

“Miaka hiyo yote, mama.”

Nikasikia kuku wake wakilia nyuma.

“Basi enda umuulize,” akasema. “Mimi sikati simu. Nangojea.”